Kitenzi «transplant»: nani alihamisha, nani alihamishwa?

Leo ninawaletea neno moja tu la Kiingereza: transplant.

Msimu uliopita nilikuwa Omate, kule vijana wengi wanajua kuchimba dhahabu kuliko kulima. Kundi dogo lilitaka kujaribu kabichi. Karatasi ya mbegu ilikuwa ya Kiingereza, na neno hilo lilirudi mara tatu. Nikaeleza: ni kutoa miche kwenye pepinyeri na kuipanda shambani. Kijana mmoja akacheka: «Kumbe ni kama wale batransplante wa Masisi!» Mwenzake hakucheka. Aliacha jembe, akaenda kukaa kando.

Neno lenyewe lina mizizi ya Kilatini: trans ni ng'ambo, plantare ni kupanda. Planta ilikuwa chipukizi, na pia wayo wa mguu. Kiingereza kililichukua karne ya 15 kwa ajili ya mimea. Baadaye likaingia kwa watu, kisha kwa viungo vya mwili: mwaka 1967, Cape Town, daktari Christiaan Barnard alihamisha moyo wa mtu kwa mtu. Kiswahili nacho kiko na kupandikiza. Lakini muangalie mtoto wake, pandikizi: mtu aliyewekwa kati ya wengine ili atumikie aliyemtuma. Kitenzi cha shamba kimezaa tusi.

Sasa kwetu. Mwaka 1937 Wabelgiji waliunda Mission d'Immigration des Banyarwanda, MIB. Rwanda ilikuwa imepita njaa ya Rwakayihura ya 1928-1929, na wakoloni walisema watu kule wamezidi ardhi. Huku Kivu, mashamba makubwa ya Wazungu yalitaka mikono. Hadi 1955 familia maelfu zilihamishwa, nyingi zikawekwa Gishari, Masisi, juu ya ardhi ya Wahunde, ambao hawakuwa na nguvu ya kukataa. Katika Kifaransa waliitwa transplantés, sawa na miche. Si kila msemaji wa Kinyarwanda alikuja hivyo. Rutshuru wako waliokuwepo mbele ya mipaka ya wakoloni. Lakini neno halichagui.

Kisha sheria ikayumba. Ile ya 1972 iliwapa uraia waliokaa Kivu mbele ya 1950. Ile ya 1981 ikadai mababu wa tangu 1885. Ile ya 2004 ikahesabu makabila yaliyokuwepo wakati wa uhuru. Katikati, Machi 1993, mauaji yalianza kwenye soko ya Ntoto, hapa Walikale, yakafika Masisi. Wahunde, Wanyanga, Wanyarwanda, wote walizika watu wao.

Mimi nilisoma kilimo, kwa hiyo ninasema kama agronome: mche haujihamishi. Mwenye kuuhamisha anaandaa kwanza kitanda, anapima nafasi, anangoja jioni, anamwagilia. Akikosea, mche unanyauka na shamba linaharibika. Hapo hatulaumu mche, wala hatulaumu udongo. Tunauliza: nani alipanda?

Na hapo njo shida ya neno transplanté. Linaonyesha aliyefanyiwa, linaficha aliyefanya. Mbelgiji alirudi kwao, sisi tukabaki na neno lake, na hasira tunaitupa kwa jirani. Kijukuu aliyezaliwa Masisi hajahamishwa na mtu. Na Muhunde anayedai ardhi ya babu yake hana kosa la kudai. Wote wawili waliwekwa katika mpango ambao hawakuuandika.

Yule kijana alirudi kesho yake. Tulihamisha miche pamoja saa kumi na moja jioni, na mimi nikasema tu «kuhamisha miche», basi.

Wandugu, mukisikia neno hilo kwenye otitware ao kwenye soko, mulize swali moja tu la sarufi: walihamishwa, na nani?