Tangawizi: Ilikotoka, na Inachoweza Kumfanyia Mama

Leo tunazungumza juu ya tangawizi.

Hapa Kwale, kuanzia Diani hadi Msambweni, tangawizi haihitaji kutambulishwa. Tunaitia kwenye chai, kwenye pilau na kwenye maji ya ukwaju. Kina baba wanainywa ndani ya kahawa tungu pale barazani. Tena mama mjamzito akishikwa na kichefuchefu, au mtoto akianza kukohoa, nyanya husema: mchemshie tangawizi. Je, nyanya anasema kweli? Ili tumjibu kwa heshima, tuanze na historia.

Asili ya tangawizi ni bara la Asia, ambako imelimwa kwa maelfu ya miaka. Kuna jambo moja la ajabu juu yake. Haipandwi kwa mbegu. Mkulima hukata kipande chenye jicho akakifukia. Wala hakuna mahali panapojulikana ambapo tangawizi hii tunayokula huota yenyewe porini. Kwa hiyo popote unapoikuta, ujue ilifikishwa na mkono wa mtu.

Kwetu njia yake ilikuwa bahari. Majahazi yalishuka na upepo wa kaskazi kutoka India na Uarabuni, yakarudi na kusi yakiwa na pembe za ndovu na boriti. Mwaka 1331 msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika Mogadishu. Aliandika kwamba alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli, na pembeni yake vitoweo, achari, maembe na tangawizi mbichi. Kutoka hapo alikuja Mombasa, kisha akaenda Kilwa. Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka 160 kabla ya Vasco da Gama kutia nanga Mombasa mwaka 1498. Kwa hiyo tangawizi ni chakula cha zamani sana katika pwani hii ya Afrika.

Ilikuwa dawa pia. Waganga wa India na China waliitumia kwa maradhi ya tumbo. Dioscorides, tabibu Mgiriki wa karne ya kwanza, naye aliandika kwamba inalifaa tumbo. Unaona, mama, watu wa nchi mbalimbali walisema jambo moja.

Wanasayansi nao wakataka kuhakikisha. Mwaka 1879 Mwingereza John Thresh alichunguza ule ukali wa tangawizi akakipa kiini chake jina la jinjeroli. Tangawizi ikikaushwa, sehemu ya jinjeroli hugeuka kuwa kitu kingine kilicho kikali zaidi. Ndiyo maana ile ya unga huwasha kuliko mbichi.

Mwaka 1988 wachunguzi wa Denmark waliwapa vijana wa jeshi la majini tangawizi ya unga wakiwa baharini. Waliopewa tangawizi walitapika kidogo kuliko wenzao. Kisha ikaja zamu ya kina mama. Mwaka 2001, huko Chiang Mai, Thailand, wanawake 70 wenye mimba changa waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa gramu 1 ya tangawizi kwa siku, kwa siku 4. Kundi la pili lilipewa vidonge vinavyofanana, lakini bila tangawizi ndani. Hakuna aliyejua amepewa kipi. Waliporudi, katika 32 waliotumia tangawizi, 28 walisema wamepata nafuu. Katika wale wengine 35, ni 10 tu. Mimba hazikuonekana kudhurika.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliitaja tangawizi miongoni mwa vitu vinavyoweza kumsaidia mama mwenye kichefuchefu mwanzoni mwa mimba. Basi kwa hilo, nyanya alisema kweli.

Lakini tusimtwishe tangawizi mzigo usio wake. Ni kweli kwamba maji makali yaliyokamuliwa kutoka kwa tangawizi, ambayo wataalamu huyaita dondoo, yameua baadhi ya vijidudu kwenye visahani vya maabara. Ila kisahani si mwili wa mtoto. Mwaka 2020, wakati wa korona, wengi wetu tulichemsha tangawizi, ndimu na kitunguu saumu asubuhi na jioni. Koo lilipata joto, lakini haikuthibitishwa kwamba mchanganyiko huo unazuia au kuponya korona. Vivyo hivyo, tangawizi haiponyi malaria wala nimonia. Hatari yake kubwa ni siku zinazopotea mkingoja ifanye kazi.

Kwa hiyo, mama, shika haya:

Kwa kichefuchefu cha mimba changa, gramu 1 ya unga ni kama nusu kijiko cha chai. Igawe mara 3 au 4 kwa siku, usizidishe. Itie kwenye maji ya moto bila majani ya chai, kwa sababu majani hupunguza nguvu ya vidonge vya damu unavyopewa kliniki. Mwambie muuguzi kwamba unaitumia. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, muulize kwanza.

Ukitapika kila kitu hata maji, mkojo ukiwa kidogo na mweusi, ukisikia kizunguzungu au ukiwa na homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Hapa kwetu homa ya mjamzito ni lazima ipimwe malaria.

Mtoto wa chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama peke yake. Asipewe maji ya tangawizi, hata kama tumbo linamsumbua.

Mtoto anayekohoa, hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima akiwa ametulia. Kuanzia miezi 2 hadi mwaka 1, pumzi 50 au zaidi ni hatari. Kuanzia mwaka 1 hadi 5, ni pumzi 40 au zaidi. Mpeleke zahanati mara moja. Mtoto mwenye homa naye apimwe malaria siku hiyo hiyo. Anayeharisha apewe ORS na zinki.

Nyanya akisema mchemshie tangawizi, mwitikie kwa adabu. Kama ni kichefuchefu chako, ichemshe. Kama ni homa ya mtoto, mwombe nyanya akushikie nyumba, wewe umbebe mtoto uende zahanati.