Kilichobaki Mikononi

Aprili 1767, majeshi ya Burma yaliuteketeza Ayutthaya, mji mkuu wa Siam, nchi ambayo leo ni Thailand. Pamoja na majumba na mahekalu, yaliungua maandishi mengi, yakiwemo ya tiba. Waganga walionusurika walibaki na elimu waliyoihifadhi vichwani na mikononi.

Ukandaji ulikuwa sehemu ya elimu hiyo. Mapokeo yanamtaja Jivaka, tabibu wa Buddha kule India, kuwa ndiye baba yake, na mpaka leo wakandaji wengi humwombea dua kabla ya kuanza kazi. Hata hivyo, hakuna ushahidi kwamba aliwahi kufika Siam. Nasaba hii ni ya heshima zaidi kuliko ya historia. Chimbuko lililo karibu zaidi ni mashamba ya mpunga: watu walioinama kutwa nzima walihitaji mtu wa kuwanyoosha jioni. Simon de La Loubère, mjumbe wa mfalme wa Ufaransa aliyefika Siam mwaka 1687, aliandika kwamba mgonjwa huko huanza kwa kukandwa mwili mzima, hata kwa kukanyagwa.

Katika miaka ya 1830, Mfalme Rama III alipokarabati hekalu la Wat Pho mjini Bangkok, aliamuru elimu za nchi zichongwe kwenye mawe. Mabamba 60 yanahusu ukandaji: michoro ya mwili wa binadamu, mistari ikipita kila upande, na alama za mahali pa kubonyeza. Elimu ambayo mwalimu alimrithisha mwanafunzi wake sasa ilikuwa ukutani, mbele ya kila apitaye.

Mistari hiyo huitwa sen, na iliyo mikuu ni 10. Inaaminika kuwa ni njia za nguvu ya uhai. Mpasuaji hataiona ndani ya mwili, lakini humwongoza mkandaji. Anayekandwa hulala kwenye godoro sakafuni, amevaa nguo zake, bila mafuta. Mkandaji hubonyeza kwa vidole gumba, viganja, viwiko, magoti na nyayo, kisha huvuta na kukunja viungo taratibu. Hategemea misuli ya mikono. Huegemeza uzito wa mwili wake. Tafiti zimeonyesha kwamba ukandaji huu unaweza kupunguza maumivu ya mgongo kwa muda. Si dawa ya kila kitu, na mwenye mifupa dhaifu au damu iliyoganda mishipani asikandwe.

Jiwe linaonyesha mahali pa kubonyeza. Haliwezi kueleza ubonyeze kwa uzito gani, wala lini uache. Kwa hiyo hatari ya pili haikuja na moto. Sheria ya matabibu ya mwaka 1923 iliwabana waganga wa jadi, na wasiokidhi masharti yake wakasukumwa pembeni. Mabamba yalibaki salama ukutani wakati mikono ikipungua. Mwaka 1955 shule ya tiba ya jadi ilifunguliwa Wat Pho, na ukandaji ukafundishwa tena mita chache kutoka kwenye mawe yale.

Mwaka 2019 UNESCO iliuingiza ukandaji huu, nuad Thai, katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Neno hilo linachekesha kidogo, kwa kuwa urithi huu hauna njia nyingine ya kurithiwa isipokuwa kushikwa.