Jina la Waya: Historia ya Michoro ya Umeme na Maneno Yake Katika Kisiwa cha Unguja

Makala haya yanahusu jambo ambalo watu wa lugha wamezoea kuwaachia mafundi, nalo ni majina ya nyaya. Katika mtambo wowote unaojiendesha, yaani ule ambao vipimo vyake hupeleka habari kwenye chombo kinachoamua, na chombo hicho kikafungua au kufunga vali bila ya mkono wa mtu, kila waya una majina matatu. Lipo jina lililoandikwa katika mchoro, lipo jina lililobandikwa kwenye waya wenyewe, pale unapoingia kwenye kiungio, na lipo jina analolitamka fundi anapomwambia mwenzake, "Usiuguse huo." Majina hayo yakiwa ni jina moja, kazi huenda. Yakiachana, fundi hukata waya ulio hai kwa kudhani kuwa umekufa.

Watu husema kwamba majina huachana kwa sababu ya uvivu wa kuandika. Uvivu upo, hatuukatai. Lakini historia ya Unguja yaonyesha sababu nyingine ambayo yalihusu jarida la istilahi: aghalabu mchoro ulisema kwa lugha moja, na mkono uliourekebisha waya ulisema kwa nyingine.

Waya wa kwanza mrefu kufika kisiwani ulikuwa wa baharini. Mwaka 1879, katika enzi ya Seyyid Barghash bin Said, Kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilitandika waya wa simu kutoka Aden hadi Zanzibar, na kutoka hapo ukateremka kusini kupitia Msumbiji hadi Durban. Kisiwa cha Bawe, kilicho mbele ya bandari ya Mji Mkongwe, kikawa kituo cha waya huo, na mwaka 1893 ukaongezwa mwingine wa kwenda Shelisheli. Baadaye watu wa simu walikuwa na jengo lao Shangani, lililojulikana kwa jina la Extelecoms, ambalo leo ni hoteli.

Wenyeji hawakungoja baraza lolote liwapatie istilahi. Walilishika neno simu, lenye asili ya Kiajemi na maana ya waya, wakalitwika kazi tatu: waya wenyewe, chombo chenyewe na habari iliyoletwa. Mtu aliweza kusema simu imekatika, simu imeharibika na simu imenifikia, na kila mara akawa amekusudia kitu mbali. Ilipokuja ile ya kusemea, ikabidi iongezewe neno, ikawa simu ya mdomo. Ilipokuja isiyohitaji waya ikaitwa simu ya upepo, yaani, tukifuata asili ya neno, waya usio na waya! Kwa mazungumzo ya barazani hapana ubaya wowote katika hilo; lugha hai ndivyo zifanyavyo.

Ndani ya ofisi ya kampuni mambo yalikuwa mengine. Waya wa baharini ukikatika hauonekani. Karani aliyeko nchi kavu hupima ukinzani wa umeme kutoka mwisho wa waya hadi mahali penye hitilafu, akaugawa kwa ukinzani wa kila maili, akapata umbali. Merikebu ya matengenezo huenda hadi hapo, hutupa nanga ya kuopolea, huuvuta waya juu na kuuunga. Sasa ni lazima izingatiwe kwamba waya hauungwi bila kuongezwa kipande kipya, kwa kuwa ule uliolala chini hauwezi kunyanyuka mpaka juu ya maji bila ya urefu wa ziada. Basi kila baada ya matengenezo waya si uleule tena: urefu wake umezidi na ukinzani wake umebadilika. Kipande hicho kisipoandikwa, na mahali pa kiungo pasipotiwa katika ramani, hesabu ya safari ijayo itakuwa na kosa, na merikebu itaopoa mchanga. Hivyo kumbukumbu ya waya ilikuwa sehemu ya waya, nayo iliandikwa kwa Kiingereza na watu wachache. Wapiga makasia wa Bawe na vibarua walioubeba waya huo mabegani waliujua kwa macho na kwa mikono, lakini maneno yao hayakuingia katika daftari.

Umeme wa taa ulifuata. Beit al-Ajaib, jumba lililomalizika mwaka 1883, ndilo lililotangulia kisiwani kutiwa taa za umeme na lifti. Kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheyney iliyojenga reli ya Bububu ilipewa pia ruhusa ya kuweka taa za umeme mjini. Hapa tena watu walitafuta neno katika yale waliyokuwa nayo, wakauchukua umeme wa mawinguni wakaushusha katika nyumba, ilhali wenzetu wa Kenya wengi walichukua stima, jina la meli ya moshi. Pamoja na umeme likaja neno waya kutoka Kiingereza. Kiswahili kikalivisha nguo zake, likapata wingi wa nyaya kwa mfano wa uzi na nyuzi, na simu ikaachwa ibaki na kazi ya mazungumzo.

Mji Mkongwe si mji mwepesi kwa fundi wa umeme. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, zenye kunyonya unyevu na chumvi ya bahari. Nyaya nyingi zimepitishwa juu ya kuta, na juu ya zile za zamani zimepitishwa mpya. Karatasi iliyobandikwa hapo haidumu. Kwa hiyo fundi amezoea kuutambua waya kwa rangi, na rangi ndiyo imekuwa jina lake. Msomaji ataniwia radhi nikikaa kidogo katika jambo hili, maana ndipo penye hatari yenyewe.

Kwa kanuni za zamani za Kiingereza, waya mwekundu ulikuwa wenye umeme, mweusi wa kurudi, na wa kijani wa ardhini. Na katika umeme wa njia tatu, njia hizo zilikuwa nyekundu, ya manjano na ya buluu. Mwaka 2004 Waingereza walibadili kanuni ya nyaya za majengo ili wafanane na Ulaya. Njia tatu zikawa kahawia, nyeusi na kijivu, na buluu ikawa ya kurudi. Mweusi uliokuwa wa kurudi sasa waweza kuwa wenye umeme. Buluu iliyokuwa na umeme sasa ni ya kurudi. Kwa kanuni za Marekani mweusi ni wenye umeme tangu hapo, na wa kurudi ni mweupe. Katika kisiwa kinachonunua mitambo kutoka nchi nyingi, kanuni mbili zaweza kukutana katika kabati moja. Mzee aliyemfundisha kijana kwamba "mweusi hauna neno" hakusema uongo katika siku zake. Neno mweusi limebaki lilivyokuwa, kilichobadilika ni kitu kinachotajwa. Kwa sababu hiyo rangi haiwezi kuwa istilahi. Ni dalili tu, na dalili huhitaji mchoro wa kuithibitisha.

Mwaka 1980 Unguja iliunganishwa na gridi ya Bara kwa kebo ya baharini kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, yenye uwezo wa megawati 45, na mashine za dizeli za Saateni zikapumzika. Njia hiyo ilikatika mwezi Mei 2008, kisiwa kikakaa gizani kiasi cha wiki nne. Ikakatika tena mwezi Desemba 2009, na umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Mwaka 2013 ilizinduliwa kebo mpya ya megawati 100. Wengi wanaikumbuka ile miezi mitatu kwa shida ya maji, kwa kuwa pampu zilisimama. Mimi naikumbuka pia kwa jenereta. Mahoteli, maduka na majumba yalifunga jenereta kwa haraka, na kila jenereta ilihitaji swichi ya kugeuzia, na kila swichi ilihitaji nyaya mpya zilizoingizwa katikati ya zile za zamani. Umeme uliporudi nyingi hazikuondolewa. Si vigumu kukisia ni ngapi kati ya hizo zilitiwa katika mchoro. Na jenereta iliyofungwa vibaya yaweza kuurudisha umeme katika nguzo ya mtaani, ambako fundi wa shirika yuko juu ya ngazi akiamini kwamba njia imezimwa.

Tukiingia katika mitambo inayojiendesha, habari ni ileile ila nyaya ni nyembamba na ni nyingi mno. Kihisio kilichoko kwenye bomba hupeleka mkondo wa milliampia 4 hadi 20 kwenye kisanduku cha viungio. Hapo nyaya nyingi ndogo hukusanywa katika kebo moja, ikaenda kwenye kabati, na kutoka kabatini habari ikafika kwenye kidhibiti, kisha amri ikarudi njia kama hiyohiyo hadi kwenye vali. Katika lugha ya mkondo huu, 4 maana yake ni sifuri ya kipimo, na sifuri yenyewe maana yake ni kwamba waya umekatika. Huu ni werevu mkubwa, kwani ukimya haukubaliwi kuwa jibu. Lakini werevu huo haumwambii mtu kwamba nyaya mbili zimebadilishana viti. Niliwahi kuona, katika mtambo mmoja, fundi aliyehamisha waya wa presha kwenye kiungio cha jirani kwa kuwa kile cha asili kilikuwa na kutu. Kazi ilikuwa njema na mtambo ukaenda. Alimweleza mwenzake kwa mdomo. Mwenzake alihama, na mchoro ukabaki unasema ya zamani mpaka siku mtu mwingine alipoufuata.

Hili si la visiwani peke yake. Tarehe 12 Desemba 1988, huko Clapham Junction, London, watu 35 walikufa treni zilipogongana. Uchunguzi ulioongozwa na Anthony Hidden ulikuta kwamba katika chumba cha swichi za ishara, waya mmoja wa zamani ulifunguliwa upande mmoja tu, haukukatwa wala kufungwa kando. Ukagusa kiungio chake cha awali ukaipa ishara umeme isiostahili. Hakuna aliyezihesabu nyaya kwa kuzilinganisha na mchoro. Waya ule katika karatasi haukuwapo tena. Katika chumba ulikuwapo.

Ndipo tunapofikia kazi ya watu wa istilahi. Mafundi wetu husema "waya umekufa." Msemo huu una maana tatu: kwamba kwa sasa umeme umezimwa, kwamba waya umekatika ndani, au kwamba hautumiki tena ingawa ungali mahali pake. Ule wa Clapham ulikuwa umekufa kwa maana ya tatu, na ukaua kwa kuwa ulidhaniwa kuwa umekufa kwa zote. Kiswahili kina maneno ya kutosha: waya uliozimwa, waya uliokatika, waya ulioachwa. Hakuna haja ya kuazima. Haja ni kukubaliana, na kuyaandika maneno hayo kabatini kama yanavyosemwa.

Kuhusu herufi za vipimo, ambazo chama cha wataalamu cha Marekani, ISA, kiliziwekea kiwango tangu 1949, yaani P kwa presha, T kwa joto, F kwa mtiririko na L kwa kina, rai yangu ni kuziacha. Najua wapo watakaoniona mzembe. Lakini herufi hizo ni namba za kifaa, na kifaa kitakuja nazo kikitoka Japani au India. Tukiziandika upya tutazidisha majina kutoka matatu hadi manne. Neno kitanzi, kwa njia nzima ya waya kutoka kihisio hadi kidhibiti na kurudi, laweza kumtisha mtu kwa maana yake nyingine, hata hivyo nalipendelea kuliko mzunguko, ambalo tayari limetwikwa mzunguko wa pampu, wa maji na wa fedha.

Lipo jingine dogo. Mchoro unaokabidhiwa mtambo unapokwisha kujengwa huitwa na baadhi yetu, kwa kufuata Kiingereza, mchoro wa kama ilivyojengwa. Kitenzi hicho kina wakati uliopita ndani yake. Kinautia mchoro muhuri wa siku ya makabidhiano, na fundi anayehamisha waya miaka kumi baadaye hajioni kuwa ameukosesha ukweli, kwa sababu ni kweli kwamba siku ile ulijengwa hivyo. Napendekeza tuwe na mchoro wa kujengea, utumikao kabla ya kazi, na mchoro wa ilivyo, utumikao baada yake. Mchoro wa ilivyo hauwezi kuwa wa mwaka 1980. Pembeni mwake, katika safu ya masahihisho, patakuwa na tarehe, saini ya aliyeuhamisha waya, na saini ya wa pili aliyekwenda kuuhesabu.