Udongo wa Uluguru ulikataa kabla watu hawajakataa: kilichotokea Matombo mwaka 1955

Oktoba 2023 picha moja ilizunguka sana mitandaoni: boga la kilo 1,247 hivi, zito kuliko gari dogo, limelazwa kwenye mizani kule Half Moon Bay, California. Mwenye boga alikuwa mwalimu wa kilimo cha bustani kutoka Minnesota. Watu wakacheka, wakaulizana litapikwa kwenye sufuria gani, wakapita.

Ila wanaolima maboga ya aina hiyo wana tabia moja ya kuigwa. Kabla ya kupanda, udongo unapelekwa maabara. Karatasi ya majibu ikirudi ndiyo inasema uweke nini na uache nini. Hakuna kubahatisha.

Sasa twende Morogoro. Ukishuka stendi ya Msamvu na kuinua macho unaiona Milima ya Uluguru imekaa juu ya mji kama ukuta. Mto Ruvu, ambao unatoa maji mengi ya mabomba ya Dar es Salaam, unaanzia huko. Na huko huko, miaka 70 na kitu iliyopita, serikali ya mkoloni ilijaribu kubadilisha sura ya mlima bila kuuliza udongo wake una nini. Mtu mmoja alikufa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walikuwa na hofu kubwa ya mmomonyoko. Waliona miteremko ya Uluguru imelimwa hadi juu, mito inashuka na tope, wakahitimisha kwamba Mluguru anaharibu mlima. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ukaja mradi wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, na dawa yake ilikuwa moja: chimba matuta ya ngazi. Usichome majani, usilime hovyo mtelemko mkali, chimba ngazi. Ukikaidi, faini.

Kwenye karatasi hiyo dawa inapendeza. Ngazi inapunguza kasi ya maji na udongo unabaki shambani. Tatizo lilikuwa chini ya jembe.

Sehemu nyingi za miteremko ya mashariki, upande wa Matombo, udongo mweusi wenye mboji ni tabaka jembamba tu juu. Chini yake kuna udongo mwekundu uliooshwa na mvua kwa maelfu ya miaka (upande huo kuna sehemu zinapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka). Ukichimba ngazi, unaufukia ule mweusi na kuuanika ule mwekundu. Yaani chakula kinaenda chini, njaa inakuja juu. Mama aliyekuwa anavuna mahindi na maboga pale anatoka jasho la wiki nzima ili avune kidogo kuliko mwanzo. Tena kwenye mtelemko mkali maji yanasimama kwenye ngazi badala ya kuteremka, udongo unalewa, na bonge zima linaweza kuporomoka.

Na si kwamba elimu ya udongo haikuwepo. Mwaka 1935 mtaalamu mmoja Mwingereza wa kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara, hapa hapa Tanganyika, alikwishaandika kwamba udongo wa kilele, wa ubavuni na wa bondeni ni tofauti, unafuatana kama mnyororo. Jina alilolitoa, katena, linafundishwa vyuo vya dunia nzima hadi leo. Lakini amri ya ngazi ilishuka kwa wa kileleni na wa bondeni sawasawa.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo mabwana shamba walilichukulia poa. Ardhi ya Waluguru ni ya ukoo, na ukoo unafuata upande wa mama. Wengi walikuwa wanalima ardhi waliyoazimwa na ukoo mwingine. Ukimchimbia mwenzio ngazi za kudumu, shamba ni la nani? Na serikali inayokazana hivi, mwisho wake si itachukua mlima wote? Ilikuwa hofu ya mtu mwenye akili timamu. TANU ilikuwa imezaliwa Julai 1954, na maneno ya kudai haki yalikwishapata njia ya kupanda mlimani.

Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo. Mawe yakarushwa, polisi wakafyatua risasi, kijana wa watu akabaki chini. Mwaka huo huo mradi ukafa. Viongozi wa jadi waliokuwa wakisimamia amri zile wakabaki na aibu mbele ya watu wao.

Ukienda upande wa pili, Mgeta, hadithi inageuka. Kule kuna baridi, na wakulima walikuwa na namna yao: wanakata udongo kutoka juu kushuka chini, majani yanafukiwa humo humo, yaoze yawe mbolea. Halafu ngazi zenyewe za mkoloni zilishika pale palipokuwa na maji ya kumwagilia, samadi, na mboga za kuuza mjini. Ngazi zilezile, ila hapa kabichi ililipa jasho. Hata hivyo Mgeta nako mlima haukusamehe. Tarehe 23 Februari 1970 ilinyesha zaidi ya milimita 100 ndani ya saa tatu hivi, ardhi ikaporomoka mamia ya mahali, karibu kote kwenye mashamba na nyasi. Msituni ilikuwa nadra.

Leo chini ya mlima huo huo kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, tangu 1984, chenye wataalamu wa udongo na maabara. Unachota udongo sehemu 15 au 20 za shamba, kina cha sentimita 20, unachanganya kwenye ndoo safi, unakausha kivulini, unapeleka kama nusu kilo. Cha kwanza kutazama kwenye majibu ni pH. Boga linapenda 6 hadi 6.8. Ikiwa chini ya 5.5, kama ilivyo kwa udongo mwingi mwekundu wa milimani, fosforasi inakamatwa na chuma na aluminiamu. Ipo, ila mmea hauipati, kama pesa kwenye laini iliyofungwa. Hapo unatafuta chokaa, au Minjingu, mbolea ya mwamba wa Manyara ambayo inafanya kazi vizuri zaidi kwenye udongo wenye tindikali. Kisha mboji. Naitrojeni ikizidi utakula msusa tu, boga hulioni. Potasiamu ndiyo ya kujaza tunda.

Karatasi moja tu. Wale wa 1955 walipewa jembe na tishio la faini.