Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kamati za Ayalandi na Mashindano ya Miji Nadhifu



Methali ya mgeni njoo mwenyeji apone sote tumekua nayo, na sisi watu wa visiwa inatugusa mara mbili, maana kwetu mgeni ni baraka na pia ni biashara. Mgeni akija ndiyo nyumba inafagiliwa hadi uvunguni, mapazia yanafuliwa, na vile vikombe vya kabatini ambavyo watoto hawaruhusiwi kuvigusa vinatoka. Leo tunataka kuwasimulia kisiwa kingine, cha mbali na cha baridi, ambacho watu wake waliambiwa wasafishe nyumba kwa ajili ya mgeni. Kisiwa hicho ni Ayalandi, na habari yenyewe ni ya kamati za watu wa kujitolea ambazo tangu 1958 zinajitayarisha kwa mashindano yanayoitwa Tidy Towns, yaani miji nadhifu.

Kwanza tuelewe hali ilivyokuwa. Ayalandi ya miaka ya 1950 haikuwa nchi tajiri hii tunayoisikia leo. Ilikuwa nchi ya kuondoka. Kati ya 1951 na 1961 waliohama walizidi waliorudi kwa watu zaidi ya 400,000, na hesabu ya watu ya 1961 ikaikuta Jamhuri ya Ayalandi ina watu milioni 2.8 tu. Vijana walikwenda Uingereza kujenga barabara na nyumba, wasichana wakaenda kuwa wauguzi na watumishi wa majumbani. Mji mdogo ukiondokewa na vijana unajulikana tu: duka la kona linafungwa, nyumba ya jirani inatiwa kufuli, bati linaanza kuoza, na anayebaki hana hamu ya kupaka rangi kwa sababu haoni anampakia nani.

Serikali ikaona dawa moja ni utalii. Mwaka 1953 ikaanzishwa sherehe ya kitaifa ya majira ya machipuko iliyoitwa An Tóstal, ili kuwavuta wageni, hasa Wamarekani wenye asili ya Ayalandi, waje hata kabla ya msimu wa joto. Katika matayarisho hayo mji mkuu, Dublin, uliwekewa pambo juu ya daraja la O'Connell, katikati kabisa ya mji. Lilikuwa beseni kubwa lenye miale ya plastiki mfano wa moto, na taa ndani yake, na maua pembeni. Watu wa Dublin hawakulipenda hata kidogo. Hawakuulizwa, waliamka tu wakalikuta. Mwezi haujaisha, kijana mmoja mwanafunzi akaling'oa lile beseni akalitupa mtoni. Kilichobaki kikawa kitanda cha maua, nacho watu wakakipachika jina la kejeli kama kwamba ni kaburi la muhuni asiyejulikana.

Kisa hiki kinachekesha, lakini sisi tunakiona kuwa ndicho kitovu cha habari yote. Pambo lililoletwa kutoka juu lilimalizikia mtoni, ilhali katika sherehe hizohizo kulikuwa na jambo jingine dogo ambalo halikupigiwa ngoma: kampeni ya kila mwaka ya usafi wa machipuko, ambapo watu wa miji na vijiji walihimizwa wafagie na kupaka chokaa kwao wenyewe. Hiyo ndiyo iliyoota mizizi. Mwaka 1958 bodi ya utalii, Bord Fáilte, iliigeuza kuwa mashindano ya nchi nzima. Mwaka ule wa kwanza walijiandikisha washiriki 52, na aliyeshinda hakuwa mji wenye fahari wala bandari maarufu. Ulikuwa Glenties, mji mdogo wa mkoa wa Donegal, kaskazini-magharibi, kwenye mvua nyingi na ardhi ngumu.

Sisi tunaoshona tuna sababu yetu ya kulipenda jina la Glenties. Mwandishi wa tamthilia Brian Friel mama yake alitoka huko, na tamthilia yake ya 1990, Dancing at Lughnasa, aliitoa kwa kumbukumbu ya mama yake na mama zake wadogo na wakubwa wa mji huo. Ndani yake mna ndugu watano wa kike, na wawili kati yao wanafuma glavu nyumbani kwa malipo. Kiwanda cha kufuma kwa mashine kinafunguliwa, kazi yao inakufa, na wale wawili wanaondoka kwenda London ambako maisha yanawaishia vibaya. Ni tamthilia, si taarifa ya habari, lakini aliyewahi kuona mitumba na nguo za kiwandani zikimaliza wateja wa fundi wa mtaani hahitaji kufafanuliwa. Mji wa namna hiyo, wenye wanawake wa namna hiyo, ndio uliotwaa ushindi wa kwanza, na kwa jumla umeushinda mara tano, mara ya mwisho 1995. Walipaka rangi nyumba katika nchi ambayo watu walikuwa wanaondoka. Kwa maoni yetu hilo halikuwa pambo la mgeni peke yake. Ilikuwa ni kusema: sisi bado tupo hapa.

Kujitolea si jambo walilofundishwa na bodi ya utalii. Wakulima wa Ayalandi wana neno lao la kale, meitheal, yaani majirani kukusanyika kumsaidia mmoja wao avune, kesho wahamie kwa mwingine. Ni ujima wetu uleule. Na wanawake wa vijijini walikuwa na chama chao tangu 1910, kilichokuja kuitwa Irish Countrywomen's Association mwaka 1935. Chama hicho kiligombania umeme na maji ya bomba kwa nyumba za mashamba, maana aliyekuwa anabeba ndoo ni mwanamke. Mwaka 1954 kikafungua chuo chake cha bweni, An Grianán, ambako mke wa mkulima aliweza kwenda siku chache akajifunza kushona, kupika na kuendesha mikutano. Tunalitilia mkazo hili la mikutano. Kamati nyingi hazifi kwa kukosa fagio, zinafia kwenye mkutano.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana wengi wanadhani mashindano ya kupendezesha mji ni kununua maua mwezi mmoja kabla. Kamati ya huko huwa ni ya watu wachache: mwalimu mstaafu, mwenye duka, mama wa nyumbani, mzee mwenye tela lake. Wakati wa baridi wanakaa na ripoti ya mwaka uliopita wanaisoma mstari kwa mstari. Machipuko yakifika wanajaza fomu, na fomu hiyo haiulizi tu mji wenu unapendeza kiasi gani. Inauliza mna mpango gani wa miaka inayokuja, mmefanya jipya lipi mwaka huu, skuli imeshiriki vipi, mnashirikiana vipi na halmashauri. Lazima iambatane na ramani inayoonyesha kila mradi ulipo. Ramani mbovu inaweza kuwagharimu, kwani jaji atapita bila kukiona kile kibustani mlichokihangaikia nyuma ya stesheni.

Na jaji mwenyewe hapigi hodi. Anakuja kuanzia Juni, siku asiyoitangaza, hajulikani sura, anatembea na ramani yenu na kuondoka. Fikirini kamati inavyoishi wiki hizo! Kila mtu mgeni anayesimama kutazama ukuta anashukiwa kuwa ndiye. Lakini hapo ndipo penye akili. Kama siku haijulikani, huwezi kufagia leo kwa ajili ya leo. Inabidi mji uwe safi Jumatatu na Jumatano, penye mvua na penye jua. Halafu jaji haishii barabara kuu. Anaingia vichochoro, anaangalia barabara za kuingilia mjini, mitaa ya makazi, mahali pa kutupia chupa, nyuma ya kituo cha basi. Fundi mzuri humjui kwa kutazama gauni lililovaliwa, unamjua ukiligeuza ndani ukaona mishono.

Baada ya hapo kila mshiriki, mkubwa kwa mdogo, anaandikiwa ripoti yenye maksi za kila kipengele na maneno ya jaji, na ripoti hizo ziko wazi kwa yeyote kuzisoma. Miji hupangwa kwa idadi ya watu, kijiji cha watu wasiofika 200 kisishindanishwe moja kwa moja na mji wa maelfu, lakini ushindi wa nchi nzima uko wazi kwa wote. Mwaka 2012 aliyeutwaa ni Abbeyshrule, kijiji kidogo cha Longford ambacho ukipita na gari kwa haraka unaweza usikione. Mwaka 2014 ulikwenda kwa Kilkenny, mji mkubwa wa kihistoria wenye ngome. Sisi tunaamini ile ripoti ndiyo tuzo ya kweli. Kikombe anachukua mmoja, lakini ripoti inampa kila mmoja macho ya mtu wa nje ambaye hana ugomvi na jirani yeyote. Mwenye kamati akisema ukuta wako umechakaa, ni maneno. Jaji akiandika, ukuta unapakwa.

Kadiri miaka ilivyokwenda, maswali ya mashindano yalibadilika. Mwanzo yalikuwa rangi, maua na takataka. Mwaka 1995 usimamizi ukatoka kwa bodi ya utalii ukaenda kwa wizara ya mazingira, na hatua kwa hatua fomu ikaanza kuuliza kuhusu taka kupunguzwa si kufagiliwa tu, maji, ndege na wadudu. Machi 2002 nchi iliweka tozo ya senti 15 kwa kila mfuko wa plastiki, na mifuko iliyokuwa ikining'inia kwenye miti na nyaya ikapungua ghafla. Zanzibar ilikuwa imeshaipiga marufuku miaka mingi kabla ya Bara, ambako marufuku ilianza Juni 2019, na mafundi tunajua mikoba ya kitambaa ilivyotupa kazi.

Jambo gumu zaidi lilikuwa la nyasi. Kwa miaka mingi kamati ilijivunia ukingo wa barabara uliokatwa mfupi kama zulia, na magugu yaliyouliwa kwa dawa. Kisha mwaka 2015 ukatoka mpango wa kitaifa wa kuwanusuru nyuki na wadudu wengine wanaochavusha mimea, kwani kisiwa kina aina karibu 100 za nyuki na theluthi moja ziko hatarini. Majaji wakaanza kuwasifu walioacha maua ya porini yakue na kuwakosoa waliomwaga dawa. Sasa wewe mwanakamati uliyekata nyasi miaka 30 unaambiwa uache! Na jirani akipita anasema kamati imelala. Miji mingi ikabidi iweke vibao vya kueleza kwamba hapa pameachwa makusudi kwa ajili ya nyuki.

Hatutaki kuwapamba mno. Kuna la kuuliza: kazi ya halmashauri inaishia wapi na kujitolea kunaanzia wapi? Mtu anayelipa kodi kisha anazoa taka mwenyewe Jumamosi ana haki ya kuuliza. Kamati nyingi pia zinazeeka. Na kuna ule uzuri wa kumdanganya mgeni. Juni 2013, upande wa Ayalandi ya Kaskazini, ambayo iko chini ya Uingereza, viongozi wa mataifa ya G8 walikutana Lough Erne. Kabla hawajafika, maduka yaliyofungwa katika vijiji vya jirani, kama Belcoo, yalibandikwa picha kubwa madirishani, ili anayepita na msafara aone bucha limejaa nyama. Hakukuwa na nyama, bucha lilikuwa limeshafilisika. Hayo hayakuwa mashindano ya Tidy Towns wala kazi ya kamati yoyote ya kujitolea. Walipita wageni, na wenyeji wakabaki na picha ya nyama. Jaji wa Juni asiyejulikana angeingia kichochoro cha nyuma akaona.

Mwaka 2020 mashindano hayakufanyika kwa sababu ya Korona. Yalirudi 2021, na mji wa Ennis ukashinda. Miaka ya karibuni wanaojiandikisha ni takriban 900, kutoka wale 52 wa mwanzo. Mshindi ni mmoja. Wengi wa waliobaki wanajua kabisa kwamba hawatashinda, kijiji chao hakina mto wala ngome na maksi zao zinapanda mbili au tatu kwa mwaka. Ripoti ikija wanaisoma, wanabishana kidogo na jaji ambaye hawakumwona, kisha wanapanga nani atashughulikia ule ukuta wa nyuma ya stesheni kabla ya fomu nyingine.