Somo la Kumi na Nne: Barua ya Kuomba Masomo

Kabla hatujaanza, namwomba kiongozi wa kila darasa aandike ubaoni maneno haya matatu: ufadhili, mwombaji, raia. Ufadhili ni fedha au nafasi anayopewa mtu ili asome, bila kuilipa kama deni la dukani. Mwombaji ni yule anayeandika kuiomba nafasi hiyo. Raia ni mwananchi mwenye haki zake na wajibu wake katika nchi.

Leo tutatazama jinsi maneno haya matatu yalivyokutana katika nchi ya Kenya, kuanzia miaka ya 1950. Pengine wewe unayesoma ukurasa huu unasema moyoni, "Mambo ya vyuo vikuu yananihusu nini mimi, ambaye jana tu nimejua kuandika jina langu?" Subiri kidogo. Habari hii ina sehemu yako.

Kwanza tutazame hali ilivyokuwa. Wakati ule Kenya ilitawaliwa na Waingereza. Kuanzia mwaka 1952 mpaka Januari 1960 nchi ilikuwa katika Hali ya Hatari kwa ajili ya vita vya Mau Mau. Kijana wa Kiafrika aliyetaka elimu ya juu alitazama Makerere, kule Uganda, na nafasi za Makerere zilikuwa chache. Chuo cha Ufundi cha Kifalme kilifunguliwa Nairobi mwaka 1956, lakini hicho nacho hakikutosha. Basi ilionekana wazi kwamba uhuru unakuja, na watu wa kushika kazi za nchi hawapo. Mahakimu watatoka wapi? Walimu wa sekondari watatoka wapi? Madaktari je?

Mtu mmoja aliyejiuliza maswali hayo ni Tom Mboya. Alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la mkonge karibu na Thika, ambako baba yake alikuwa msimamizi wa wafanyakazi. Shule ya sekondari hakuimaliza, kwa sababu karo ilimshinda. Akaenda kujifunza kazi ya afya huko Kabete, kisha akawa Bwana Afya katika mji wa Nairobi. Hapo akaingia katika mambo ya vyama vya wafanyakazi, na kabla hajatimiza miaka 25 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo katika Kenya. Mwaka 1955 alipata ufadhili wa kusoma mwaka mmoja katika Chuo cha Ruskin, mjini Oxford, Uingereza. Chuo hicho kiliwekwa kwa ajili ya watu wazima wanaofanya kazi, ambao hawakubahatika kusoma sana walipokuwa watoto. Mnaona? Mboya naye alikuwa mwanafunzi mtu mzima, kama ninyi.

Aliporudi, alichaguliwa mwaka 1957 kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Lakini hakusahau kwamba mlango aliopitia yeye ni mwembamba. Mwezi wa Aprili 1959 alikwenda Marekani akazunguka miji mingi akihutubia watu. Hakuomba bunduki wala magari. Aliomba nafasi za masomo. Vyuo vikasema, "Nafasi tutatoa, lakini nauli hatuna." Nauli ya ndege kutoka Nairobi mpaka New York ilikuwa mzigo ambao mkulima wa kawaida hakuweza kuuinua.

Ndipo likaundwa shirika dogo huko Marekani la kutafuta nauli. Watu mashuhuri weusi wa nchi ile walitia sahihi barua ya kuomba michango: Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli, Harry Belafonte, mwimbaji, na Sidney Poitier, mwigizaji wa sinema. Fedha zikapatikana, ndege ikakodiwa, na mwezi wa Septemba 1959 wanafunzi 81 wakafika New York.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye sehemu yenu. Je, kijana alipataje kuwa mmoja wa wale 81? Ilimbidi kwanza aandike barua mwenyewe kwa chuo, na chuo kimjibu kwamba kimemkubali. Ilimbidi awe na cheti cha masomo, na mtu wa kumshuhudia tabia yake. Ilimbidi pia awe na fedha za matumizi mfukoni. Bwana Mboya, pamoja na Dokta Gikonyo Kiano na Bwana Kariuki Njiiri, waliosoma Marekani wenyewe, walipokea maombi na kuyachambua. Na fedha za mfukoni zilitoka wapi? Zilitoka vijijini. Jamaa walikusanyika, chai ikapikwa, watu wakachanga. Huyu aliuza mbuzi, yule akatoa shilingi moja tu. Wengi wa waliochanga hawakujua kusoma. Walimpeleka mtoto wa jirani mahali ambapo wao wenyewe wasingefika.

Yupo mwombaji mwingine wa mwaka ule ule ambaye hakupanda ndege ile. Jina lake Barack Obama, baba wa yule aliyekuja kuwa Rais wa Marekani mwaka 2009. Alikuwa amekwisha kuoa na kupata mtoto, na sekondari hakuimaliza. Alifanya kazi Nairobi katika ofisi ya kufundisha watu wazima kusoma, chini ya mwalimu Mmarekani, Bibi Elizabeth Mooney, na akaandika vitabu vidogo kwa Kijaluo kwa wasomaji wapya. Usiku alijifunza kwa njia ya posta, akatafuta vyeti vilivyompungukia, akaandika barua kwa vyuo vingi. Chuo Kikuu cha Hawaii kilimkubali, naye akaenda mwaka 1959 kwa msaada wa Bibi Mooney na wengine. Basi darasa la watu wazima lilikuwa daraja lake.

Mwaka 1960 waombaji waliongezeka, wakatoka Kenya, Tanganyika, Uganda na hata Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Fedha zikakosekana. Serikali ya Marekani iliombwa msaada ikakataa. Mwezi wa Julai Mboya alikutana na Seneta John Kennedy, aliyekuwa akigombea urais, na mfuko wa jamaa ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Mara serikali nayo ikageuka ikasema iko tayari kusaidia. Kwa nini? Kwa sababu uchaguzi ulikuwa karibu, na kura za watu weusi zilitakiwa na pande zote mbili. Tena Marekani na Urusi walikuwa wakishindana kutafuta rafiki katika Afrika. Wakati huo huo Bwana Oginga Odinga alikuwa akipeleka vijana kusoma katika nchi za Mashariki.

Hili ni jambo la kulikumbuka. Mfadhili ana sababu yake, hata akiwa mtu mwema. Si lazima sababu hiyo iwe mbaya, lakini mwombaji aijue. Na mwombaji naye awe na sababu yake mwenyewe, iliyo imara, ili asije akabebwa kama jani juu ya maji. Mboya alijua Wamarekani wanataka nini. Yeye alitaka mahakimu, walimu na madaktari.

Kati ya mwaka 1959 na 1963 wanafunzi karibu 800 walisafiri kwa mpango huo. Wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake. Wengi walirudi wakashika kazi kubwa za serikali, vyuo na biashara. Wengine hawakurudi. Wala tusidanganyane kwamba kila aliyerudi alikuwa mtetezi wa wananchi. Mboya mwenyewe aliuawa kwa risasi mjini Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Mwaka 1982 sheria ilibadilishwa, Kenya ikawa nchi ya chama kimoja tu, na wasomi wengi walinyamaza. Cheti hakimpi mtu ujasiri.

Lakini yupo mmoja ambaye hakunyamaza. Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, wilaya ya Nyeri. Kanisa Katoliki lilimtafutia nafasi, naye akaondoka Septemba 1960 kwenda chuo kidogo cha masista katika mji wa Atchison, Kansas. Njiani, katika jimbo la Indiana, yeye na wenzake waliingia dukani kununua soda, wakaambiwa wasiketi ndani kwa sababu ya rangi yao. Basi akajifunza jambo la kwanza kabla hajafika darasani: hata nchi ya mfadhili ina mambo ya kutengenezwa.

Alirudi mwaka 1966, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya udaktari. Mwaka 1977 alianzisha Green Belt, chama cha akina mama wa vijijini wanaopanda miti. Wengi wao hawakuwa na shule. Walijifunza kuotesha mbegu, kisha wakajifunza kuuliza: nani alikata msitu huu, na kwa ruhusa ya nani?

Mwaka 1989 ilitangazwa kwamba jengo la ghorofa 60 litajengwa ndani ya Bustani ya Uhuru, Nairobi, mahali ambapo watu wa kawaida hupumzika bila kulipa. Mama Wangari alifanya nini? Aliandika barua. Aliiandikia ofisi ya Rais, akaandikia halmashauri ya mji, magazeti, hata balozi wa Uingereza. Bungeni walimcheka na kumtukana, na chama chake kikafukuzwa katika ofisi za serikali. Yeye akaendelea kuandika. Mwishowe waliokuwa wakitarajiwa kutoa fedha walijitoa, na jengo halikujengwa. Mwaka 1992 alikaa katika bustani ile ile pamoja na mama wa wafungwa wa siasa, wakidai watoto wao wafunguliwe. Alipigwa mpaka akapoteza fahamu. Mwaka 2002 alichaguliwa mbunge wa Tetu, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alifariki mwaka 2011.

Tazameni sasa barua mbili. Barua ya kwanza inaomba: "Nipeni nafasi nisome." Barua ya pili inauliza: "Kwa nini mnachukua bustani ya watu wote?" Ya kwanza ina maana ikiwa itazaa ya pili. Wale waliouza mbuzi kule vijijini hawakununua tai na viatu vya mtu mmoja. Walinunua mkono wa kuandika kwa niaba yao.

Na wewe, au mtoto wako, ukitaka kuomba ufadhili wowote, shika haya. Usijisifu, taja kazi uliyokwisha kuifanya. Kama ulisaidia kuchimba kisima, andika ni kisima gani na watu wangapi wanakitumia. Sema unataka kujifunza nini, na utarudi kumfanyia nani kazi. Tafuta mtu mwaminifu wa kukushuhudia. Peleka mapema. Ukinyimwa, andika tena mahali pengine.

Sasa kiongozi wa darasa awaulize wanafunzi maswali haya, na kila mmoja ajibu kwa maneno yake:

1. Kwa nini vyuo kutoa nafasi hakukutosha?

2. Wanavijiji walichangia nini, nao walitarajia nini?

3. Katika kijiji chetu, ni jambo gani linalohitaji barua, nayo iandikiwe nani?

Kazi ya nyumbani: andika barua hiyo kwa mistari kumi. Tia sahihi jina lako mwenyewe, si alama ya dole gumba. Tutakutana katika somo lijalo. Kwaherini.