Daktari wa watoto mahututi: fani iliyoanzia mikononi mwa wanafunzi

Agosti 1952 Hospitali ya Blegdam mjini Copenhagen, Denmark, ilifurika wagonjwa wa polio. Wengi walikuwa watoto, na kwa baadhi yao ugonjwa ulikuwa umepoozesha hata misuli ya kupumulia. Katika wiki za mwanzo, zaidi ya 80 kati ya kila 100 waliofikia hatua hiyo walikufa.

Ndipo alipoitwa Bjørn Ibsen, daktari wa usingizi. Wakati huo mtu wa fani yake hakuwa na kazi wodini. Mahali pake palikuwa chumba cha upasuaji. Ibsen alisema watoto hawafi kwa sababu virusi vimekula ubongo, bali kwa sababu hewa chafu inawajaa mwilini. Tarehe 27 Agosti akapewa msichana wa miaka 12 aliyekuwa akikata roho. Koo lilitobolewa, mrija ukapitishwa, hewa ikasukumwa kwa mfuko wa mpira unaominywa kwa mkono. Msichana akanusurika.

Sasa nani aminye mfuko huo usiku na mchana, kwa wiki kadhaa? Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 waliingia zamu, wakikaa kando ya vitanda na kuwapumulia wagonjwa. Kabla janga halijaisha, vifo vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya nusu. Sijui mtihani gani wa chuo ungewafundisha zaidi.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1955, Göran Haglund alianzisha wodi ya watoto mahututi mjini Göteborg, Sweden. Mwaka 1967 John Downes akafanya hivyo Philadelphia, Marekani. Wote wawili walikuwa madaktari wa usingizi. Madaktari wa watoto walifika baadaye, na mtihani wa kwanza wa ubingwa bobezi wa watoto mahututi Marekani ulifanyika mwaka 1987. Huko, baada ya shahada ya udaktari, mtu husoma magonjwa ya watoto miaka 3, kisha miaka 3 mingine ya watoto mahututi.

Lakini vitabu vya fani viliandikwa kwenye hospitali zenye mashine tele. Vilielekeza kwamba mtoto ambaye mzunguko wake wa damu umedorora atundikiwe dripu nyingi kwa haraka. Mtafiti Kathryn Maitland na wenzake walilipima agizo hilo Kenya, Uganda na Tanzania, kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali. Matokeo ya mwaka 2011 yalishtua: ndani ya saa 48 walikufa takriban 10.6 kwa 100 ya waliomiminiwa maji haraka, dhidi ya 7.3 ya wasiomiminiwa.

Baada ya matokeo hayo, kumsomesha daktari wetu wa Afrika Mashariki Ulaya au Marekani tu ni kumsomesha nusu. Chuo Kikuu cha Nairobi sasa kinafundisha ubingwa bobezi wa dharura na watoto mahututi, na wanafunzi wake ni madaktari ambao tayari ni mabingwa wa watoto.